Makali Hutoka Kwenye Pembe: Kunoa kwa Vitu Vilivyopo, kutoka Shinyanga hadi Geita

Mazungumzo ya leo yanahusu kazi inayofanyika katika kila nyumba na kila karakana lakini ambayo ni nadra kufundishwa kwa utaratibu, nayo ni kunoa: kurudisha makali ya kisu, ya panga, ya patasi ya seremala, na ya moko, yaani ile tindo ya chuma ambayo mchimbaji mdogo huigongea nyundo ili kupasua mwamba ndani ya duara, yaani shimo la uchimbaji. Yatahusu hasa kunoa kwa vitu vilivyopo, pale ambapo kinoo cha dukani hakipatikani, au kinapatikana kwa bei ambayo mama lishe wa Lwamgasa huko Geita au fundi wa pembeni mwa soko la Kahama ana haki ya kuiona kubwa.

Hebu swali la kwanza liulizwe, maana bila kulijibu mengine yote yataelea hewani: makali ni nini? Makali ni mstari ambapo nyuso mbili za chuma hukutana, na kadiri nyuso hizo zinavyokutana kwa wembamba zaidi, ndivyo chuma kinavyopenya nyama, mti au kamba kwa nguvu ndogo zaidi. Kisu kinapotumika, mstari huo hufanya mambo mawili, ama unalala upande mmoja kama ukingo wa karatasi uliokunjwa, ama unalika na kuwa mviringo kama mgongo wa kijiko, na hapo ndipo watu husema kisu kimekuwa butu. Tofauti kati ya hali hizo mbili itarudiwa baadaye, kwa sababu watu wengi hutibu moja kwa dawa ya nyingine na kukimaliza kisu kabla ya wakati wake.

Hoja kuu ya mazungumzo haya, ambayo itasemwa zaidi ya mara moja ili ikae, ni kwamba makali hutoka kwenye pembe inayoshikwa bila kuyumba, na ughali wa kinoo una mchango mdogo sana. Mtu mwenye kinoo cha thamani na mkono unaoyumba atabaki na kisu butu, na mtu mwenye kipande cha jiwe la mtoni na mkono uliotulia atakata nyanya bila kuiponda.

Baada ya hayo, wasikilizaji wapenzi, na iangaliwe ardhi yenyewe. Ili kitu kiweze kukinoa chuma, sharti chembe zake ziwe ngumu kuliko chuma hicho. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ngazi kumi za ugumu kwa kuangalia lipi linalikwaruza jingine, na katika mpangilio huo kisu cha kawaida huangukia kati ya ngazi ya tano na ya sita, tupa iliyo ngumu hupanda hadi kama sita na nusu, kwatzi huwa ya saba, na almasi hukaa juu kabisa, ya kumi. Kwatzi ni lile jiwe jeupe linalong'aa kama kioo ambalo kila mchimbaji wa Nyarugusu na Mgusu, huko Geita, analijua, kwa kuwa dhahabu mara nyingi hulala ndani ya mishipa yake. Almasi nayo hutoka Mwadui, wilayani Kishapu, ambako John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliugundua mgodi mwaka 1940. Kwa maneno mengine, kati ya Mwadui na Geita ardhi imebeba madini mawili kati ya yale ambayo wanoaji wa dunia huyategemea. Inapendeza kukumbuka kwamba, ingawa almasi za Mwadui husifiwa kwa pete, almasi zisizofaa kwa vito ndizo zilizotumika viwandani kukata na kunolea vyuma, na leo vibao vya bei nafuu vyenye vumbi la almasi iliyotengenezwa viwandani huuzwa hata katika maduka ya vifaa vya ujenzi.

Je, mtu achukue tu bonge la kwatzi na kuanza kusugua kisu? Hapana, na sababu yake inafaa kueleweka. Bonge la kwatzi la mshipani ni laini kwa uso kama chupa, na linapovunjika hutoa ncha kali zisizolingana ambazo huchana chuma badala ya kukinoa. Jiwe la kunolea linahitaji chembe nyingi ndogo zilizoshikamana, kila moja ikikwaruza kidogo, na hapo ndipo itale inapoingia, yaani lile jiwe ambalo wataalamu huliita graniti, lenye chembe za kwatzi ndani yake, na ambalo mabonge yake makubwa yaliyopandana ni sura ya kawaida ya vilima vya Usukuma. Itale yenye chembe kubwa inafaa kwa jembe na panga tu. Itale yenye chembe ndogo, au jiwe la mchanga uliogandamana, au jiwe tambarare lililosuguliwa na maji ya mto kwa miaka mingi, linaweza kutosha kwa kisu cha jikoni.

Namna ya kulichagua jiwe ni rahisi. Mnoaji alilowanishe, kisha apitishe juu yake ukucha wa kidole gumba. Jiwe likiukata ukucha polepole na kwa usawa, kama tupa ndogo, linafaa, lakini likiacha mikwaruzo mirefu, chembe zake ni kubwa mno kwa kisu, na likiteleza bila kuacha kitu, halina chembe za kutosha. Jiwe lililochaguliwa lisawazishwe kwa kulisugua juu ya jiwe jingine huku katikati kukiwa na maji na mchanga safi, mpaka yote mawili yawe tambarare. Kazi hii huchukua muda, pengine asubuhi nzima, lakini hufanywa mara moja na jiwe likadumu miaka.

Hapa inafaa kutaja jiwe ambalo nyumba nyingi za wazee bado zinalo, lile la kusagia mtama na uwele, lililotumika kabla mashine za kusaga hazijafika vijijini. Jiwe la chini la kusagia huwa limechimbika katikati kama sahani kwa miaka ya mikono ya akina bibi, kwa hiyo shimo lake halifai kunyoosha makali, ila lile jiwe dogo la juu, lililoshikwa mkononi, huweza kuwa na uso mzuri wa kunolea. Akitaka mtu kulitumia, na alitenge kabisa na unga, kwa sababu vumbi la chuma halina nafasi katika chakula, na ingefaa kwanza aombe ruhusa ya mwenye nyumba, maana mawe hayo yana historia yake.

Asiye na jiwe je? Atazame kabatini. Kikombe cha udongo uliochomwa kikigeuzwa chini juu huonyesha duara dogo lisilopakwa ile rangi ya kung'aa, na duara hilo ni gumu kuliko chuma cha kisu, kwa hiyo kisu kikipitishwa juu yake mara kumi au kumi na tano kila upande hurudi katika hali ya kutumika. Kikombe cha bati kilichopakwa rangi hakifai hata kidogo, wala cha plastiki. Mgongo wa kigae cha sakafu, ule upande unaokaa kwenye saruji, hufanya kazi hiyohiyo na una nafasi kubwa zaidi. Ukingo wa juu wa kioo cha dirisha la gari, kioo kikiwa kimeshushwa nusu, nao huweza kukinyoosha kisu cha dereva aliye safarini. Ngazi ya saruji, ambayo wengi huikimbilia, inafaa kwa jembe na fyekeo, lakini kisu kinachonolewa hapo hubaki na meno kama ya msumeno, ambayo hukata vizuri siku ya kwanza na kuvunjika siku ya pili.

Kisha upo msasa. Neno lenyewe lina historia yake, kwani kabla ya kuwa karatasi yenye chembe, msasa ulikuwa, na bado ni, jina la mti wenye majani ya kukwaruza ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya msasa wa maji, ule mweusi unaotumiwa na wapaka rangi wa magari, ikilazwa juu ya kipande cha kioo kinene na kulowanishwa ili ishike, huwa kinoo tambarare kuliko mawe mengi. Ni njia inayofaa kuliko zote kwa seremala mwenye patasi na ulimi wa randa, kwa sababu vyombo hivyo vinadai mgongo ulionyooka kabisa, na jiwe lililobonyea haliwezi kuutoa.

Wasikilizaji wapenzi, hapa ndipo panapokuja pembe, na mwenye kalamu karibu anaweza kuandika. Kisu cha jikoni kinahitaji pembe ya kiasi cha nyuzi 20 kila upande, na swali ambalo kila mwanafunzi huuliza ni hili: mtu asiye na kipimo atazijuaje nyuzi 20? Jibu ni kuupima upana wa kisu, kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kisha kuuinua mgongo kutoka kwenye jiwe kwa kiasi cha theluthi moja ya upana huo. Kisu chenye upana wa sentimita tatu huinuliwa sentimita moja, na sentimita moja inaweza kupimwa kwa sarafu chache zilizopandana zikiwekwa chini ya mgongo mpaka mkono uzoee. Njia nyingine ni kukunja karatasi: pembe ya karatasi ni nyuzi 90, ikikunjwa mara moja kwa mshazari hutoa 45, na ikikunjwa tena hutoa 22 na nusu, ambayo inatosha. Panga na shoka hudai pembe kubwa zaidi, kama 25 hadi 30 kila upande, kwa sababu makali membamba yakipigwa kwenye mti mgumu huvunjika vipande.

Na iwapo mnoaji hana uhakika kwamba anagusa makali yenyewe? Na aupake ukingo wa kisu wino wa kalamu nene au masizi ya sufuria, apitishe kisu kwenye jiwe mara mbili tatu, kisha atazame. Rangi ikiondoka kwenye bega tu, yaani juu ya makali, mgongo umeshushwa mno. Ikiondoka kwenye ncha ya makali tu, mgongo umeinuliwa mno. Ikiondoka kote kwa usawa, pembe ni sahihi na haipaswi kubadilishwa tena. Ni kweli pia kwamba mtu akitumia njia hii kwa wiki mbili hataihitaji tena, maana mkono utakuwa umejifunza kile ambacho jicho lilikuwa likiuonyesha.

Kunoa upande mmoja huendelea mpaka upande wa pili kitokee kitu ambacho wengi hawajakisikia kikitajwa, nacho ni unyuzi mwembamba sana wa chuma unaojikunja kwenye makali, ambao kidole kikipitishwa polepole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali, huuhisi kama ukwaru mdogo. Unyuzi huo ni ushahidi kwamba nyuso mbili zimekutana. Asiyeufikia hajanoa, hata kama amesugua nusu saa. Akiupata kwenye urefu wote wa kisu, anageuza na kunoa upande wa pili mpaka unyuzi uhamie ulikotoka, kisha anapunguza nguvu, anabadilisha pande kila mpito mmoja, na mwisho anauondoa kwa kuburuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia, juu ya mkanda wa ngozi halisi uliopakwa dawa ya meno kidogo, kwa kuwa dawa ya meno nayo ina chembe laini za kung'arisha. Karatasi ya gazeti iliyolazwa juu ya ubao inaweza kushika nafasi ya ngozi.

Turudi kwenye tofauti iliyoahidiwa hapo mwanzo. Kanda hii ni kanda ya ng'ombe, yenye minada kama ule wa Mhunze wilayani Kishapu, na wenye mabucha wanakijua kile chuma cha mviringo ambacho muuza nyama hukipitishia kisu kati ya kipande kimoja na kingine. Chuma kile hakinoi, ila kinayasimamisha tu makali yaliyolala. Kisu kilicholala kikipelekwa kwenye gurudumu la kunolea hupoteza chuma bure, na kisu kilicholika kikipitishwa kwenye chuma cha bucha mara mia hakitapata kitu. Mgongo wa kisu kingine kigumu, au ukingo laini wa chupa nene, unaweza kuchukua nafasi ya chuma cha bucha, mradi uguswe kwa wepesi.

Sasa kuhusu cherehe, lile gurudumu la kunolea ambalo mnoaji wa mitaani hulizungusha kwa pedali za baiskeli iliyosimamishwa, huku kisu kikitoa cheche na watoto wakitazama. Mnoaji huyu anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa, kwa kuwa yeye ni karakana nzima inayotembea. Tatizo la gurudumu ni joto, na tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa grenda ya umeme, inayozunguka kwa kasi mara nyingi zaidi. Kisu kilipotengenezwa kilichomwa, kikazimishwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kiasi ili kisiwe kikavu na chepesi kuvunjika. Makali yakipashwa kupita kipimo kile cha mwisho, ugumu wake huondoka na haurudi mpaka chuma kichomwe upya. Rangi ndiyo inayotoa habari. Chuma kilichong'arishwa hubadilika kuwa rangi ya nyasi kavu kikifika kama nyuzi 220 za sentigredi, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu kwenye karibu 300. Makali ya kisu yaliyogeuka buluu kwenye grenda yamekufa mahali hapo, na hata yakinolewa namna gani, yatabutuka upesi. Dawa ni ndoo ya maji pembeni, mgusano mfupi, na kidole kinachopima: chuma kikishindikana kushikwa, kichovywe kwanza.

Hata hivyo rangi hizohizo, zinazomuumiza mnoaji wa kisu, ndizo zinazomwongoza mhunzi wa machimboni, na sehemu hii ya mazungumzo itakaa kidogo hapa kwa sababu ndipo ustadi wa kanda hii ulipo. Moko inayogongwa kwenye kwatzi hubutuka haraka, kwa kuwa, kama ilivyoelezwa, mwamba huo ni mgumu kuliko chuma. Kuinoa kwa jiwe peke yake ni kuimaliza. Kwa hiyo karibu na maduara hukaa mhunzi mwenye mkaa, nyundo, kipande cha reli au chuma kizito kama fuawe, na mvukuto ambao leo mara nyingi ni kipepeo cha bati kinachozungushwa kwa rimu ya baiskeli. Mhunzi huchoma ncha mpaka iwe nyekundu, huinyoosha kwa nyundo badala ya kuikata, na hivyo chuma kinabaki kilekile, kikiwa kimerudishwa tu katika umbo.

Kisha huja kazi ngumu zaidi, ya kuirudishia ncha ugumu wake. Mhunzi atajuaje kwamba chuma kimefika joto la kuzimishwa? Mzoefu huangalia wekundu kivulini, maana juani macho hudanganya. Asiye mzoefu anaweza kutumia kitu ambacho pengine msikilizaji anacho nyumbani, sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa: chuma kikifika kama nyuzi 770, sumaku huacha kukishika, na kikipita hapo kidogo tu kimekuwa tayari. Ncha huzamishwa majini kiasi cha sentimita tatu au nne, ikitikiswa, huku sehemu ya nyuma ikibaki na moto wake. Hutolewa upesi, husuguliwa kwa jiwe mpaka ing'ae, kisha hutazamwa: joto lililobaki nyuma hutambaa kuelekea mbele, na rangi zile zile hupita moja baada ya nyingine, nyasi kavu, hudhurungi, zambarau. Zambarau inapofika ncha, na kabla buluu haijatawala, chuma chote huzimishwa. Moko iliyozimishwa mapema hubaki ngumu lakini hupasuka kama kigae, na iliyozimishwa kwa kuchelewa hujikunja pigo la kwanza.

Lakini chuma gani? Nondo ya ujenzi haikubali ugumu wa kutosha, na wengi wamepoteza mkaa wao juu yake. Springi ya gari, ile ya kujizungusha na ile ya majani, hukubali vizuri, pamoja na tupa iliyochakaa. Njia ya kutambua ni cheche: chuma kikiguswa kwenye cherehe, kile laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, na kile chenye kaboni ya kutosha, yaani kile kinachoweza kuwa kigumu, hutoa cheche zinazochanua kama nyota nyingi ndogo. Kama ncha imekuwa ngumu vya kutosha, tupa nayo itasema, kwani tupa hung'ata chuma laini na huteleza juu ya chuma kigumu kama inavyoteleza juu ya kioo.

Elimu hii si ngeni kusini mwa Ziwa Viktoria. Katika Uzinza, upande wa Geita na Biharamulo ya leo, waliishi wafua chuma walioitwa Warongo, ambao hadi karne ya 20 waliyeyusha mawe yenye chuma kwa mkaa katika matanuru na kufua majembe yaliyouzwa kwa Wasukuma na majirani wengine, majembe yaliyolima na pia yaliyohesabiwa katika mahari. Upande wa magharibi wa ziwa, kwa Wahaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 matokeo ya utafiti wao yaliyoonyesha kwamba watu wa huko walitengeneza chuma cha pua katika matanuru yao tangu miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita. Kwa hiyo mhunzi anayenoa moko pembeni mwa duara la Nyarugusu anashika mkia wa kazi ndefu sana, na ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wengi humwona kama mtu aliyekosa kazi ya maana. Vyuo vya ufundi vya VETA na ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, vingefanya vyema kumwita mtu huyo akafundishe, na siyo kungoja aje kufundishwa tu.

Yapo mambo ya hatari, na haya na yasikilizwe kwa makini. La kwanza ni kichwa cha moko, pale panapogongwa nyundo, ambapo chuma huchanua kama uyoga. Kipande cha uyoga huo kikiruka kinaweza kulipofua jicho, kwa hiyo kichwa kisawazishwe kila kinapoanza kuchanua, na kiachwe laini, bila kuzimishwa kuwa kigumu. Aliye kwenye grenda avae miwani, hata akiwa ananoa kisu kimoja tu.

La pili ni vumbi. Jiwe lenye kwatzi likisuguliwa kavu hutoa vumbi lilelile ambalo huwaumiza wachimbaji mapafu, na ugonjwa unaotokana nalo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya na humfungulia mlango kifua kikuu. Katika karne ya 19 huko Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu, wanoaji wa uma walifanya kazi juu ya mawe makavu na wengi wao walikufa wangali vijana, huku wenzao walionoa juu ya mawe yaliyoloweshwa wakiishi muda mrefu zaidi. Maji kwenye jiwe, wasikilizaji wapenzi, hulinda chuma na hulinda kifua kwa wakati mmoja. Hili linarudiwa kwa makusudi: jiwe liwe na maji.

La tatu ni zebaki, ambayo bado hutumika kukamatia dhahabu kwenye mialo mingi, yaani sehemu za kuchenjulia. Jiwe lililookotwa mwaloni au kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliochenjuliwa, na maji ya madimbwi ya hapo, yasitumike kunolea kisu cha mboga, hata kama jiwe lenyewe linaonekana zuri. Vivyo hivyo oili chafu ya injini, ambayo wengine huipaka kwenye vinoo, ibaki kwenye vyombo vya karakana.

Kuhusu vyombo vingine vidogo, maneno machache yanatosha. Jembe hunolewa upande mmoja tu, kwa tupa, na tupa hukata ikisukumwa mbele, kwa hiyo inyanyuliwe wakati wa kurudi, vinginevyo meno yake hulala. Tupa iliyoziba isafishwe kwa brashi ya waya, kisha ilazwe usiku kucha ndani ya siki au maji ya ndimu, ambayo hula kutu na kuyaamsha meno kidogo. Maji ya betri hufanya kazi hiyo haraka zaidi lakini huunguza ngozi na macho, na hayafai kuwa karibu na watoto. Patasi ya seremala hunolewa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 upande mmoja, na mgongo wake ulazwe kabisa kwenye msasa. Biti ya kekee ni ngumu zaidi kufundisha kwa redio, na afadhali fundi aione kwa macho.

Limebaki swali moja, nalo ni namna ya kujua kwamba kazi imekwisha. Kukata karatasi ni kipimo kizuri, na nyanya iliyoiva ni kipimo bora zaidi, lakini kipo kimoja kisichohitaji kukata kitu. Kisu kielekezwe juu chini ya mwanga mkali, hata ule wa tochi ya kichwani ya mchimbaji, makali yakimtazama mnoaji usoni. Mahali palipobaki butu patarudisha mwanga kama uzi mweupe mwembamba, kwa kuwa pana uso, hata kama ni mdogo vipi. Mahali palipokamilika hapataonekana kabisa. Mnoaji na arudi kwenye jiwe, kwa pembe ileile, mpaka uzi wote mweupe upotee.